Check: mfalme wa Uajemi aliyejificha ndani ya hundi

Mwingereza anaweza kuvaa shati la drafti, akaketi kuandika hundi, akaikagua tarakimu kwa tarakimu, kisha akamkanya mwanawe azuie hasira zake, na mambo yote manne akayasema kwa neno lenye mzizi mmoja: "check". Wamarekani wana mengine ya kuongeza. Bili ya mgahawani kwao ni "check", alama ya tiki ni "check", na drafti yenyewe, ule mchezo wa kete unaochezwa barazani, wanauita "checkers". Anayejifunza Kiingereza akifungua kamusi mahali hapo hukuta maana zimerundikana bila mpango, akadhani ni maneno sita tofauti yaliyofanana sura kwa bahati tu. Kumbe ni neno moja, tena si la Kiingereza. Ni cheo cha mtawala wa Uajemi.

Wengi wanaojaribu kulieleza neno hili huanzia kwenye kukagua, kwa kuwa hiyo ndiyo maana tunayokutana nayo kila siku. Ukianzia hapo hufiki popote, maana kukagua ni maana changa: imekomaa mwishoni mwa karne ya 17. Kwa miaka kama mia tatu kabla ya hapo Waingereza walikuwa na "check" yao na hawakuitumia kukagulia chochote. Basi tuanze na mfalme.

Kwenye mwamba wa Behistun, magharibi mwa Iran ya leo, Dario wa Kwanza alichongesha maandishi takriban mwaka 520 kabla ya Kristo akijitambulisha: mimi ni Dario, mfalme mkuu, mfalme wa wafalme. Neno lake la mfalme lilikuwa refu, "khshayathiya", lililotoka kwenye mzizi wenye maana ya kutawala. Wahindi nao wanao mzizi huo, ndio uliozaa "kshatriya", tabaka la watawala na wapiganaji. Karne zikapita, ndimi zikalikata neno la Dario hapa na pale, mpaka likabaki "shah". Masikioni mwetu si geni sana, maana hata bingwa wa ushairi wa Kiswahili huitwa shaha wa malenga.

Lakini cheo peke yake kisingefika London. Kilichokibeba ni mchezo.

Mchezo wenyewe ulizaliwa India, ukaitwa "chaturanga", yaani viungo vinne, kwa maana ya vikosi vinne vya jeshi: tembo, magari ya vita, farasi na askari wa miguu. Ulipoingia Uajemi, karne ya 6 hivi, ukawa "chatrang". Waarabu walipoiteka Uajemi katika karne ya 7 waliukuta huko, wakaupenda, na kwa kuwa Kiarabu hakina sauti ya "ch", wakauita "shatranj". Sisi tukaupokea kwao na kuutamka sataranji. Vijana wa leo wanauita chesi, jina lililozunguka Ulaya nzima kabla ya kutufikia, nalo nitalirudia baada ya muda mfupi.

Katika sataranji kila kete huliwa isipokuwa mfalme. Tembo huliwa, farasi huliwa, hata waziri, ambaye Wazungu baadaye walimgeuza malkia, huliwa. Mfalme haliwi. Akitishwa, aliyemtisha humwambia mwenzake "shah!", yaani mtazame mfalme wako. Na mwenzake akishasikia hivyo hana hiari tena. Mipango yote mizuri aliyokuwa akiipanga anaiweka kando mpaka amtoe mfalme hatarini, ama kwa kumhamisha, ama kwa kumkinga kwa kete nyingine, ama kwa kuila ile kete inayomtisha. Kama hakuna hata moja kati ya hizo inayowezekana, mchezo umekwisha.

Naomba msomaji aishike hali hiyo, kwa sababu ndiyo iliyozaa kila kitu kinachofuata. Waliousikia mwito wa "shah!" ubaoni, vizazi kwa vizazi, walimwona mfalme akiwa amebanwa. Neno likaondoka na kule kubanwa, na utawala wake likauacha nyuma Uajemi.

Pale mchezo unapokwisha kuna mwito wa pili, "shah mat", ambao Waingereza wameufanya "checkmate". Hapa watu hubishana. Tafsiri inayopendwa ni kwamba mfalme amekufa, kwa kulichukua "mat" kuwa ni la Kiarabu "mata", alikufa. Kwa sisi tafsiri hiyo inaingia akilini haraka, maana tunayo mauti na maiti kutoka mzizi huo huo. Ila Kiajemi kina "mat" yake, yenye maana ya kuishiwa ujanja, kupigwa na butwaa, na mpaka leo Muirani aliyeduwaa husema yuko "mat". Mimi nasimama na Waajemi. Mchezo ulipita kwao kabla ya kufika kwa Waarabu, na zaidi ya hapo sheria zenyewe zinakataa kifo: mchezo husimamishwa hatua moja kabla mfalme hajaguswa. Aliyezingirwa hana pa kwenda, lakini yuko hai. Ila sikatai kwamba Waarabu walipolisikia neno hilo walisikia kifo, na pengine wao ndio walioieneza tafsiri hiyo mpaka Ulaya.

Ulaya iliupokea mchezo kutoka kwa Waislamu wa Hispania na Sicily. Kufikia mwaka 1000 hivi, watawa wa Einsiedeln, Uswisi, walikuwa na shairi la Kilatini linaloeleza namna ya kuucheza. Kilatini hakikuwa na njia ya kuiandika "shah", waandishi wakaigeuza "scac", ile "h" ya mwisho ikakazwa ikawa "k". Wafaransa wa zamani nao walikuwa na taabu na neno linaloanza kwa "s" ikifuatwa na konsonanti, wakalitangulizia irabu na kulilainisha kidogo katikati: "eschec". Kisha Wanormandi wakaiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya ikulu na mahakama kwa karne kadhaa, na Waingereza wakalichukua neno hilo na kulikata kichwa, likabaki "chek". Wingi wake wa Kifaransa, "esches", nao ukakatwa kichwa ukabaki "chess". Kwa hiyo "chess" ni "check" zaidi ya moja, ni wafalme kadhaa. Wajerumani wanasema "Schach", Waitalia "scacchi", Warusi "shakhmaty", wote wakimtaja mfalme yule yule. Wahispania na Wareno ndio walioshikilia jina la Kiarabu, "ajedrez" na "xadrez", na ukiwasikiliza vizuri utaisikia sataranji mle ndani.

Wasomaji wa Kongo, Burundi na Rwanda, waliosoma Kifaransa, wana mfano mzuri kuliko wote. Kwa Kifaransa cha leo "échec" ni kushindwa: kufeli mtihani ni "échec", mradi ukianguka ni "échec". Mchezo nao ni "les échecs". Hundi ni "chèque", ambayo Wafaransa waliikopa kwa Waingereza ikiwa imeshabadilika kiasi kwamba hawakuitambua kuwa ni ya kwao. Neno lilitoka nyumbani likiwa kijana, likarudi na pasi ya nchi nyingine.

Tukirudi Uingereza, kabla ya "check" kuwa na maana yoyote nje ya mchezo, ubao wenyewe wa kuchezea ulifanya kazi kubwa serikalini.

Ubao huo kwa Kilatini cha enzi zile uliitwa "scaccarium", kwa Kifaransa "eschequier". Wakati wa Mfalme Henry wa Kwanza, aliyetawala kuanzia mwaka 1100 hadi 1135, hesabu za mapato ya ufalme zilifanyiwa juu ya meza kubwa iliyotandikwa kitambaa chenye mistari. Meza hiyo tunaijua vizuri kwa sababu mtunza hazina wa Henry wa Pili, Richard fitzNeal, aliandika kitabu kizima cha maswali na majibu kuihusu, mwishoni mwa miaka ya 1170. Ilikuwa na urefu wa futi kama 10 na upana wa futi 5, ikiwa na ukingo wa vidole vinne kuizunguka ili vitu visidondoke. Kila mwaka wakati wa Pasaka kilinunuliwa kitambaa kipya, cheusi, chenye mistari iliyoachana kwa kadiri ya futi moja au kiganja kilichotandazwa.

Kwa nini kitambaa? Kwa sababu Waingereza wa wakati ule waliandika kwa tarakimu za Kirumi, ambazo ni nzuri kwenye mawe ya kaburi na hazifai kabisa kwa kujumlisha. Hazina sifuri. Jaribu kutoa CCXLVIII kwenye MCMXIX bila kugeuza uone. Na fedha yenyewe ilikuwa fumbo: senti, yaani peni, 12 hufanya shilingi, na shilingi 20 hufanya pauni. Mistari ya kitambaa iligawa meza kuwa safu: upande mmoja peni, safu inayofuata shilingi, inayofuata pauni, kisha pauni kwa ishirini-ishirini, kwa mamia, kwa maelfu. Mhesabu alipanga vihesabio vidogo kwenye safu hizo, akiviongeza na kuviondoa, na safu iliyokuwa tupu ilikuwa ndiyo sifuri. Hata mtu asiyejua kusoma aliweza kuona kwa macho yake kinachodaiwa na kilicholipwa.

Na wengi wa waliotakiwa kuona hawakuwa wasomi. Mara mbili kwa mwaka, wakati wa Pasaka na wakati wa sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli mwishoni mwa Septemba, maliwali wa mfalme kutoka majimboni waliitwa mbele ya meza hiyo kujibu hesabu. Liwali upande huu, mtunza hazina upande ule, vihesabio kati yao. Mwanafunzi katika kitabu cha fitzNeal anauliza kwa nini mahali hapo paliitwa "scaccarium". Mwalimu anajibu kwanza jibu jepesi, kwamba meza inafanana na ubao wa mchezo. Halafu anaongeza lingine ambalo kwangu ni tamu zaidi: kama ubaoni wafalme wawili wanavyopambana, ndivyo hapa mtunza hazina anavyopambana na liwali.

Kiingereza kiliipokea "eschequier" na kuiandika "exchequer". Hiyo "ex" ni usomi wa uongo. Makarani waliona "es" mwanzoni, wakadhani ni "ex" ya Kilatini iliyoandikwa vibaya, wakaisahihisha kosa ambalo halikuwepo. Kosa lao limedumu mpaka leo, kwani waziri wa fedha wa Uingereza bado anaitwa "Chancellor of the Exchequer", kwa tafsiri ya wazi mkuu wa ubao wa sataranji. Kenya nako, kila magavana wanapolalamika kwamba mgao wa kaunti umechelewa, magazeti ya Kiingereza huandika kuwa fedha hazijatoka "exchequer". Hata nyumba ya mapumziko ya waziri mkuu wa Uingereza, iliyoko Buckinghamshire, inaitwa Chequers, na inaaminika jina hilo lilitokana na mmiliki wake wa karne ya 12 aliyekuwa mtumishi wa hazina hiyo.

Risiti za meza ile zilikuwa za mbao. Kijiti kilichongwa pengo kwa pengo, pengo pana kwa fedha nyingi na jembamba kwa chache, kisha kikapasuliwa katikati kwa urefu ili kila upande ubaki na nusu yenye mapengo yale yale. Siku ya kuhesabiana, nusu mbili ziliunganishwa. Zikikubaliana, hakuna aliyeibiwa. Mtindo huo ulidumu mpaka karne ya 19, na mwisho wake ulikuwa wa aibu: tarehe 16 Oktoba 1834 vijiti vya zamani vilichomwa kwenye tanuri zilizokuwa chini ya jengo la Bunge, tanuri zikazidiwa, na majengo ya Bunge karibu yote yakateketea. Bunge tunaloliona leo kando ya mto Thames limejengwa baada ya moto huo. Lakini nimevitaja vijiti kwa sababu nyingine. Wazo la kipande kinachobaki mkononi ili kije kulinganishwa na mwenzake litarudi tutakapoifikia hundi.

Kwa mraba wa ubao, neno likapata maana ya rangi. Kitu chochote chenye miraba ya rangi mbili zinazopishana kikawa "chequered", baadaye "checked", na nguo ya namna hiyo ikawa "check". Shuka nyingi tunazoziona kwa Wamasai ziko katika kundi hilo. Sisi tumefanya vivyo hivyo bila kufundishwa na mtu: shati la miraba tunaliita shati la drafti, kwa kuutazama ubao wa drafti. Wamarekani nao, kwa kuwa drafti huchezwa kwenye ubao wa miraba kama wa sataranji, wakauita mchezo huo "checkers". Katika jina hilo mfalme hayumo tena, umebaki ubao.

Sasa ile hali ya mfalme aliyebanwa. Mwishoni mwa karne ya 14 "check" ilishatoka nje ya ubao ikawa na maana ya kusimamisha kitu ghafla: jeshi linalosonga likapata "check", farasi anayekimbia akapata "check". Kutoka kusimamisha mara moja, likahamia kwenye kuzuia kwa kudumu. Kumweka mtu "in check" ni kuhakikisha hafurukuti, kama yule mfalme.

Maana hii ndiyo iliyokwenda kukaa kwenye siasa. Mwaka 1748 Mfaransa Montesquieu aliandika kwamba, ili mtu asiyatumie mamlaka vibaya, mambo lazima yapangwe hivi kwamba mamlaka yazuie mamlaka. Wamarekani waliokuwa wametoka kumkataa Mfalme George wa Tatu walilikumbatia wazo hilo walipoandika katiba yao mwaka 1787, na kwa Kiingereza likapata jina la "checks and balances": Bunge limzuie rais, rais alizuie Bunge, mahakama iwazuie wote wawili. Sijui kama wanasheria wanaolitamka kila siku mahakamani Nairobi au Dodoma wamewahi kufikiri kwamba wanamtaja shah kila wanapodai mtawala awekewe mipaka. Dario, aliyejiita mfalme wa wafalme, asingelipenda hata kidogo.

Toka kuzuia hadi kukagua ni hatua fupi, na aliyeipiga ni karani. Njia nzuri ya kuwazuia watu wasiibe ni kuwa na orodha nyingine ya kulinganisha na ya kwao. Katika viwanda vya meli za kivita vya mfalme wa Uingereza kulikuwa na ofisa aliyeitwa "Clerk of the Cheque". Yeye ndiye aliyeita majina ya mafundi na mabaharia ili mfalme asilipe mishahara ya watu ambao hawapo. Wafanyakazi hewa si uvumbuzi wa karne yetu. Kazi ya ofisa huyo ilikuwa kuzuia, lakini alichokifanya kwa mikono yake ni kupitisha kalamu kwenye orodha, jina kwa jina. Watu wakaanza kulitumia neno kwa kitendo badala ya kusudi lake. Mwishoni mwa karne ya 17 "to check" ikawa kulinganisha na kuhakikisha, na hapo mlango ukawa wazi kwa kila kitu: kupimwa afya, kuripoti hotelini na uwanja wa ndege, kituo cha ukaguzi barabarani. Ile alama ya kalamu pembeni ya jina ikaitwa "check" nayo, ingawa Waingereza siku hizi, na sisi pamoja nao, tumeshikilia tiki.

Kitu cha kulinganishia nacho kikaitwa "check". Ukiacha koti mlangoni ukapewa kibati chenye namba, kibati hicho ni "check". Tangu miaka ya 1880 mashabiki wa besiboli Marekani, mvua ikivunja mchezo, walipewa tiketi ya kurudi siku nyingine, "rain check", na baadaye msemo huo ukatoka viwanjani ukawa namna ya kuahirisha mwaliko kwa adabu. Bili ya mgahawani imo kwenye ukoo huu: ni karatasi inayolinganisha ulichokula na unachodaiwa.

Hundi nayo ilipita njia hiyo. Barua za kumwagiza mwenye benki alipe zilikuwepo London kabla ya neno. Moja ya zile za kale zilizosalia ni ya tarehe 16 Februari 1659, ya pauni 400, iliyoandikiwa Morris na Clayton, makarani na watunza fedha wa jijini humo. Wakati ule karatasi kama hiyo haikuitwa "check". Iliitwa "drawn note". Mwanzoni mwa karne ya 18 jina la "check" likaanza kuhusu kile kipande kinachobaki kwenye kitabu baada ya karatasi kukatwa, kile ambacho benki ingekilinganisha na karatasi iliyorudi ili kumnasa mwenye kughushi. Ni ule ule ujanja wa kijiti kilichopasuliwa. Hatimaye jina likahama kutoka kwenye kipande kinachobaki likaenda kwa karatasi inayoondoka. Waingereza wakaliandika "cheque", kwa mvuto wa "exchequer" bila shaka, na Wamarekani wakabaki na "check".

Hapa lazima niseme neno kuhusu hadithi inayosambaa sana kwenye mihadhara na kwenye simu zetu, kwamba "cheque" imetoka kwenye Kiarabu "sakk". Inapendwa kwa sababu inawapa Waislamu heshima wanayostahili katika historia ya biashara, na kuhusu biashara yenyewe ni kweli tupu. Sakk ilikuwa hati ya deni au ya malipo, na ilisafiri mbali. Msafiri Ibn Hawqal, katika karne ya 10, aliona Awdaghust, katika Mauritania ya leo, sakk ya dinari 42,000 iliyomhusu mfanyabiashara wa Sijilmasa, huko Morocco, ng'ambo ya jangwa la Sahara. London ya wakati ule haikuwa na kitu cha kukaribia hapo. Wingi wa sakk ni sukuk, na neno hilo liko hai: hatifungani za sukuk zinauzwa Kenya na Tanzania siku hizi.

Lakini asili ya kitu si lazima iwe asili ya jina. Kama Waingereza wangekopa "sakk" kwa maana ya hati ya malipo, tungeikuta kwanza kwenye hati za malipo. Hatuikuti huko. Hati za malipo zilikuwa na jina lingine, na "check" ilianza kwenye kipande cha kuzuia ulaghai, ikiwa imeshakaa karne nyingi katika lugha ikimaanisha kuzuia. Njia yake imeandikwa hatua kwa hatua. Njia ya sakk kufika London ina daraja lililokatika katikati, na kufanana kwa sauti hakutoshi kulijenga upya. Anayetaka fahari ya Mashariki haondoki mikono mitupu, maana njia hii nayo inaishia Uajemi.

Kiswahili cha benki hakikungoja yote haya. Wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa wakifadhili misafara kutoka Unguja karne ya 19 walikuja na hati yao, hundi, iliyoweza kuandikwa Bombay na kulipwa Zanzibar, au kinyume chake, bila fedha taslimu kupanda jahazi. Benki za Waingereza zilipofungua milango, karatasi yao ikapewa jina ambalo tayari lilikuwa na kazi. Ndiyo maana fomu za benki zinasema hundi, ingawa mdomoni wengi husema cheki.

Na cheki ya mdomoni imefanya makubwa kuliko ya benki. "Cheki ule mchezo" ni tazama. "Nicheki kesho" ni nitafute, nipigie simu. "Nimemcheki" inaweza kuwa nimemwona, nimempigia, au nimemkagua kichwani mpaka miguuni. Maana ya kutafutana ni mali yetu. Mwingereza akiambiwa "check me tomorrow" atashika kichwa. Tumelipa viambishi vyote, likazaa kuchekiana na kuchekiwa, na hapo likagongana na kitenzi cha zamani cha nyumbani. Kucheka kikikanushwa huishia kwa "i", na kucheki hakibadiliki mwisho. Kwa hiyo dada akilalamika kuhusu mchumba, "siku hizi hanicheki", ni yeye tu ajuaye kama analilia simu zisizopigwa au anafurahi kwamba jamaa ameacha kumcheka.